Kandili, Kafyu na Kaboni: Safari ya Moto wa Kilatini katika Kiingereza

Utangulizi

Mwaka 2020, Serikali ya Uganda ilipotangaza kafyu kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, neno hilo liliingia katika kila nyumba. Kijijini kwetu hata wazee ambao hawakupata kusoma shule walilitamka. Giza likianza kuingia, jjajja wangu, yaani bibi mzaa mama, alikuwa akituita: "Kafyu imefika, ingieni ndani!" Kisha huinama jikoni na kuyafukia makaa kwa majivu ili asubuhi apate pa kuanzia. Wakati ule sikujua kwamba kitendo chake cha kufukia moto ndiyo maana ya asili ya neno alilokuwa amelitamka muda mfupi kabla.

Nimelijua hilo baadaye, baada ya mjadala uliozuka darasani kwetu. Mwenzetu mmoja alidai kwamba Kiswahili hakifai kuwa lugha ya elimu ya juu nchini Uganda kwa kuwa kimekopa kila kitu kwa Waarabu na Wazungu, ilhali Kiingereza ni lugha iliyojitosheleza. Wengi walicheka na kukubali. Mhadhiri alituachia swali bila kulijibu, akasema twende tukatafute. Insha hii ni jibu langu.

Nimechagua uwanja mmoja mdogo, nao ni maneno ya moto yaliyoingia katika Kiingereza kutoka Kilatini. Sababu ya kuchagua moto ni rahisi. Hakuna jamii ya binadamu isiyokuwa na moto, na kwa hiyo hakuna lugha inayolazimika kukopa maneno ya moto kwa kukosa ya kwake. Lugha ikiyakopa, basi iko sababu nyingine, na sababu hiyo hupatikana katika historia. Hoja ya insha hii ni kwamba Kiingereza kilikopa moto wa Kilatini kupitia milango mitatu: kanisa, utawala na maabara. Kila mlango unatuonyesha ni nani aliyekuwa na mamlaka wakati ule, na ni neno gani lililobaki mikononi mwa watu wa jikoni.

Moto wa Warumi: ignis na focus

Kabla ya kuingia Uingereza hatuna budi kupita Roma. Warumi walikuwa na maneno mengi ya moto, na kila moja lilikuwa na kazi yake. "Ignis" ulikuwa moto wenyewe, ule unaounguza na kuangamiza. Neno hili lina undugu na "Agni", jina la mungu wa moto katika dini ya kale ya Wahindi. "Flamma" ulikuwa mwali. "Ardere" ilimaanisha kuwaka, "incendere" kutia moto, na "candere" kung'aa kwa weupe. "Carbo" lilikuwa kaa, na "fumus" moshi. Pamoja na hayo lilikuwapo neno "focus", ambalo maana yake ilikuwa meko, mahali pa moto ndani ya nyumba.

Focus halikuwa neno la upishi tu. Hapo ndipo familia ilipokutana na hapo ndipo miungu ya nyumba ilipoheshimiwa. Warumi walipotaka kusema kwamba mtu anapigania kilicho chake, walisema anapigania madhabahu na meko. Mji wa Roma nao ulikuwa na meko yake, yaani moto wa hekalu la Vesta uliotunzwa usiku na mchana na mabikira maalumu, hadi wafalme Wakristo walipopiga marufuku ibada hizo mwishoni mwa karne ya 4.

Kisha likatokea jambo ambalo vitabu vya sheria na mashairi ya Kilatini havikulitangaza. Watu wa kawaida walianza kuliita jiko na moto wake kwa neno moja. Focus, lililokuwa jina la mahali, likawa jina la moto wenyewe. Ndiyo maana Wafaransa leo husema "feu", Waitaliano "fuoco", Wahispania "fuego", Wareno "fogo" na Waromania "foc". Ignis lilitoweka vinywani mwa watu na kubaki katika maandishi ya wasomi. Neno la mama jikoni lililishinda neno la mshairi.

Sisi wazungumzaji wa lugha za Kibantu hatupaswi kulishangaa jambo hili. Katika Kiganda moto huitwa "omuliro", na mahali pa kuota moto huitwa "ekyoto". Kitenzi chake ni "okwota", ambacho ndicho "kuota" cha Kiswahili katika usemi kuota moto. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha neno "moto" na mzizi huohuo. Maana yake ni kwamba Kiganda kimeweka neno la moto na neno la mahali pa kuota kila moja pake, ilhali Kiswahili kimefanya kama Kifaransa: kimeupa moto jina linalotoka pale watu wanapoota. Tena katika Buganda mafiga huitwa "amasiga", na neno hilohilo ndilo jina la matawi makubwa ya ukoo. Mrumi angelielewa hilo bila kufafanuliwa.

Mlango wa kwanza: kanisa

Warumi waliitawala Britania kuanzia mwaka 43 BK hadi takriban mwaka 410 BK, lakini Kiingereza hakikuzaliwa na Warumi hao. Kililetwa na makabila ya Waanglia na Wasaksoni yaliyohamia kisiwani katika karne ya 5 kutoka maeneo ambayo leo ni kaskazini mwa Ujerumani na Denmark. Watu hao walikuja na moto wao. Maneno "fire", "hearth", "burn", "smoke", "ash" na "coal" ni ya Kijerumani cha kale, si ya Kilatini. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba "fire" limetokana na Kilatini. Sivyo. Ndugu zake ni "Feuer" la Kijerumani na, kwa mbali, "pyr" la Kigiriki.

Mwaka 597, mtawa Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori, alifika Kent kuwahubiria Waingereza. Pamoja na dini lilikuja neno "candela", mshumaa, kutoka kitenzi candere. Waingereza wakalifanya "candel", na leo ni "candle". Hawakuwa watu waliokaa gizani wakimsubiri mmishonari awaletee mwanga. Walikuwa na taa zao na mienge yao. Walichokopa ni moto wenye kazi mpya, ule wa altare, wa misa na wa mazishi.

Tunajuaje kwamba neno hili liliingia mapema? Sauti yenyewe inatoa ushahidi. Katika "candle" sauti ya mwanzo ni k, kama ilivyokuwa katika Kilatini. Katika Kifaransa, sauti hiyo ilibadilika mbele ya a, ndipo candela ikawa "chandelle". Kwa hiyo neno "chandler", muuza mishumaa, na "chandelier", taa ya kuning'inia yenye matawi, yameingia Kiingereza yakiwa yamepita Ufaransa kwanza. Mzizi ni mmoja, lakini njia ni mbili na karne ni tofauti.

Kukopa huku kulikuwa na gharama yake. Waingereza wa kale waliuita ubani wa ibada "recels", neno walilolitengeneza wenyewe kutokana na neno lao la moshi. Baadaye lilikuja "incense", kutoka Kilatini "incensum", yaani kilichochomwa, likipitia Kifaransa. "Recels" likafa. Lilikuwa neno zuri ambalo mtoto yeyote wa wakati huo angeweza kulielewa, lakini halikuwa neno la wakubwa.

Mlango wa pili: mfalme na mahakama

Mwaka 1066, William wa Normandia alimshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings. Kwa muda mrefu baada ya hapo, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu na mahakama, na Kiingereza kikabaki lugha ya mashamba na majiko. Maneno ya moto yaliyoingia wakati huu yana harufu ya amri.

La kwanza ni "curfew". Katika Kifaransa cha wakati huo lilikuwa na sehemu mbili: "couvre", funika, na "feu", moto. Jioni kengele ilipigwa mjini, na kila mwenye nyumba alitakiwa kufunika moto wake. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na nyasi, na cheche moja ingeweza kuteketeza mtaa mzima. Masimulizi maarufu humhusisha William mwenyewe na amri hiyo, ingawa desturi ya kengele ya jioni ilienea pia katika miji mingine ya Ulaya. Polepole moto ukasahauliwa na amri ikabaki. Neno likawa na maana ya kukatazwa kutoka nje usiku. Lakini ndani yake feu bado lipo, na ndani ya feu imo focus, meko ya Mrumi.

La pili ni "fuel". Asili yake ni Kilatini cha mitaani "focalia", vitu vya mekoni, yaani kuni, na lilipitia Kifaransa. Katika Uingereza ya Zama za Kati msitu ulikuwa na mwenyewe. Mkulima hakuweza kwenda tu na shoka lake. Haki ya kuokota au kukata kuni ilitolewa na kupimwa. Ni jambo la kawaida basi kwamba neno la kuni kama haki na kama mali lilitoka katika lugha ya wenye msitu, huku kuni zenyewe zikiendelea kuitwa "wood" na yule aliyezibeba kichwani.

La tatu ni "arson", kutoka ardere. Hili ni neno la mahakama tangu kuzaliwa kwake. Katika sheria ya kimila ya Uingereza lilimaanisha kuchoma kwa makusudi nyumba ya kuishi ya mtu mwingine. Sheria hizo zilisafiri na dola ya Uingereza, na hadi leo kosa hilo limo kwa jina hilohilo katika sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania. Mwananchi husema wamemchomea nyumba, hakimu huandika arson.

Hata hivyo, pamoja na nguvu zote za Wanormani, neno "fire" halikuondoka. Mfalme aliamuru kwa Kifaransa, lakini mwanamke aliyefunika makaa alikuwa Mwingereza, na aliufundisha moto huo kwa mtoto wake kwa Kiingereza. Ushahidi mzuri ni moto ulioanza katika duka la kuoka mikate la Pudding Lane mjini London tarehe 2 Septemba 1666 na kuteketeza nyumba zipatazo 13,000. Watu waliuita, na bado wanauita, "Great Fire", maneno mawili yasiyo na hata tone la Kilatini. Lakini mnara wa kumbukumbu yake ulipojengwa kati ya 1671 na 1677, maandishi makuu yaliyochongwa juu yake yalikuwa ya Kilatini. Waliounguliwa walikuwa na neno lao, na waliochonga jiwe walikuwa na la kwao.

Mlango wa tatu: maabara

Katika karne ya 17 wasomi wa Ulaya waliandikiana kwa Kilatini, na hapo mlango wa tatu ukafunguka. Mwaka 1604, mtaalamu wa nyota Johannes Kepler, katika kitabu chake cha elimu ya mwanga, alilitumia neno focus kuitaja nukta maalumu ya maumbo kama duaradufu. Kwa nini meko? Inaelekea ni kwa sababu kioo au lenzi hukusanya miali ya jua mahali pamoja na kuunguza. Sisi sote tuliocheza na kipande cha kioo juani mpaka nyasi zikatoa moshi tunalijua hilo. Mwaka 1609 Kepler alieleza kwamba sayari ya Mirihi huzunguka katika njia ya duaradufu, na jua liko kwenye focus mojawapo. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, jua limeketi mekoni. Kutoka hapo neno likaingia Kiingereza, likaenda kwa wapiga picha, na leo mwalimu akimwambia mwanafunzi wake kwa Kiingereza akaze fikra kwenye somo, anamwambia afanye focus, bila habari kwamba anamrudisha jikoni.

Karne hiyohiyo, ignis lililokuwa limekufa vinywani lilifufuliwa katika vitabu. "Ignition" likawa neno la kitendo cha kuwasha, na "igneous" likawa sifa ya vitu vya moto, baadaye ya miamba iliyotokana na uji wa volkano. Kila dereva wa bodaboda wa Kampala anapozungusha ufunguo, anaigusa sehemu ambayo kitabu cha pikipiki yake huiita kwa neno ambalo Warumi wenyewe waliacha kulirithisha kwa watoto wao.

Madaktari nao walichukua "inflammation" kutoka flamma. Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya 1 BK, alikuwa ameshaandika dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wanakemia walifuata. Mwaka 1787, Lavoisier na wenzake nchini Ufaransa walipopanga upya majina ya kemia, walichukua carbo, kaa la moto, wakaita elementi yake "carbone". Kiingereza kikasema "carbon".

Maneno mengine yamesafiri mpaka moto ukazimika kabisa ndani yake. "Candidate", mgombea, limetokana na "candidus", mweupe unaong'aa, kwa kuwa wagombea wa Roma walivaa joho lililong'arishwa kwa chokaa ili waonekane safi mbele ya wapiga kura. Kama usafi huo uliingia hadi moyoni, ni swali ambalo hata sisi hujiuliza kila msimu wa uchaguzi.

Matokeo ya milango hii mitatu ni lugha yenye ghorofa. Chini kabisa kuna "fire" na "burn". Juu yake kuna "flame" na "arson". Juu zaidi kuna "ignition" na "combustion". Mtoto wa Kiingereza huzaliwa ghorofa ya chini, na hupelekwa shuleni ili apande. "Combustion" halimwambii chochote mpaka afundishwe. Linganisha na neno letu "mwako". Mwanafunzi yeyote wa kemia anayejua kuwaka analielewa kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Katika hili, lugha inayosemwa imejitosheleza ndiyo yenye deni, na lugha inayochekwa ndiyo iliyolipia kwa mali yake.

Moto huohuo ulivyofika kwetu

Moto wa Kilatini haukuishia Uingereza. Umo pia katika Kiswahili, na ulikuja kwa njia zaidi ya moja. Wa kwanza kufika haukuletwa na Mwingereza. Candela, mbali na kwenda kaskazini na watawa, lilikwenda pia mashariki: liliingia Kigiriki, likafika kwa Waarabu na kuwa "qindil", kisha likavuka bahari pamoja na biashara hadi pwani yetu, ambako likawa "kandili". Hivyo "candle" la Kiingereza na "kandili" la Kiswahili ni ndugu. Bibi wa Kent aliyewasha mshumaa kanisani na nahodha wa Lamu aliyetundika kandili chomboni walikuwa wakitumia neno moja, na hakuna kati yao aliyekopa kwa mwenzake.

Njia ya pili ni ya utawala, nayo ndiyo iliyotuletea kafyu. Ya tatu ni ya sayansi, iliyotuletea kaboni. Ukitazama vizuri, kandili, kafyu na kaboni vinarudia karibu hatua kwa hatua yale yaliyotokea Uingereza: biashara na dini, kisha amri, kisha maabara. Na kama ilivyokuwa kule, neno la ndani halikuondoka. Moto ni moto. Kuni, makaa, majivu, moshi, cheche, mwenge, kijinga na mafiga vyote ni vyetu.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Kiingereza kilikopa maneno ya moto ingawa kilikuwa na moto. Kilikopa kwa sababu padri, mfalme na msomi walikuwa na lugha nyingine. Hakikudhoofika kwa sababu waliokuwa jikoni hawakuacha neno lao. Kwa hiyo mwenzetu aliyesema Kiswahili hakifai kwa kuwa kimekopa amekosea mara mbili: amekisahau Kiingereza kilivyojengwa, na amedhani kukopa ni dalili ya umaskini, wakati wanaokopa sana mara nyingi ni wale wanaofanya biashara na watu wengi.

Hata hivyo, nisingependa tufurahi kupita kiasi. Ignis lilikufa vinywani mwa Warumi wenyewe, na "recels" likafa Uingereza. Neno halilindwi na kamusi peke yake. Hulindwa na mtu anayelitumia kila jioni. Nilipomuuliza jjajja majina ya sehemu za jiko lake, alinitajia mengi ambayo sikuwahi kuyasikia, na mengine hata mama yangu hakuyajua. Ni umbali wa kizazi kimoja tu.

Ninapendekeza kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili katika nchi hizi za jirani tukusanye maneno ya moto kutoka majiko ya nyumbani kwetu, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za kwanza, kabla gesi na umeme havijayafanya kuwa maneno ya makumbusho. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kukaa karibu na mafiga wakati wa jioni na kumwomba bibi asifukie makaa mapema.